Kasha la Mayai Chumbani kwa Marisela

Jumanne, 14 Januari
Mayai ya kasa wa mgongo wa ngozi yako nyumbani kwangu. Kwangu, si kwa jirani yangu Eufrosina! Kasa wa aina hii hajapanda ufuo wetu kwa miaka. Jana kapanda mmoja, na mawimbi yakabomoa zizi la mchanga ambamo kambi ya kulinda kasa hufukia mayai. Basi binti yangu Marisela, mkuu wa kambi (mkuu, na mimi mama yake niliishia darasa la nne), kayapanga kwenye kasha jeupe la barafu la wavuvi, mchanga chini, mchanga juu, kalileta chumbani kwake. Kila yai kalitia alama ya penseli upande wa juu. Anakwenda kambi ya jirani kusaidia kujenga upya, atarudi baada ya wiki. Kasema nisiguse. Karudia: Mama, hata kulisogeza. Nikamwambia aende salama, nimeatamisha bata mzinga tangu yeye hajazaliwa.

Jumatano, 15 Januari
Sikugusa. Nilitazama tu. Eufrosina kaja kuomba chumvi, shida yake kuchungulia. Kaniambia, shoga, uzee huu utaitwa bibi wa kasa, maana wajukuu huna. Nikamuuliza mwanawe mwenye boti ya watalii ameacha kutapika baharini? Kaondoka bila chumvi.

Nikabaki nawaza. Kila mwanamke wa hapa anajua: yai lisilogeuzwa, kifaranga hugandia kwenye ganda akafa. Asubuhi na jioni, ishara ya msalaba, unageuza. Marisela ana shahada ya mambo ya bahari, lakini hajawahi kuatamisha hata kuku. Nikafukua mchanga. Nikageuza yote, taratibu, kama mtu anavyomgeuza mgonjwa.

Ijumaa, 17 Januari
Nageuza bila kukosa. Nimeyapa majina ya watakatifu mpaka watakatifu wameniishia. Kwenye kinu cha mahindi nimewaambia wanawake, wivu ukawashika. Marisela aliwahi kusema kasha likiwa na ubaridi hutoa madume watupu, mchanga wa moto hutoa majike. Nimelisogeza karibu na ukuta wa jiko. Majike ndio hurudi ufuo waliozaliwa. Madume wakishaingia baharini hawapandi tena. Baba yake Marisela alikwenda kaskazini kutafuta kazi, naye hivyo hivyo.

Jumanne, 21 Januari
Marisela amerudi. Kafungua kasha kabla ya kuvua kofia. Kauliza alama za penseli ziko wapi. Nikamjibu ziko chini, leo asubuhi ni zamu ya chini. Nilisema kwa fahari.

Kakaa sakafuni. Kanieleza kwa sauti ndogo, kama anavyowaeleza watoto wa shule, kwamba kasa si ndege. Yai likishatulia, mtoto hujishikiza juu, ndani ya ganda, na hapo hapo hukaa. Ukimgeuza, anazama ndani ya yai lake mwenyewe. Yai lililo hai lingeota doa jeupe, na doa lingekua kila siku. Tukayatazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Madoa yalianza, yakaishia hapo.

Nikamwambia pengine yamechelewa tu. Nikamwambia mayai ya bata mzinga nayo huchelewa. Kasema, Mama, najua. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 22 Januari
Kayazika mahali kiota kilipokuwa. Nilimfuata, kaniomba nisije. Nikasimama nyuma ya mitende. Alikaa pale mpaka maji yakamfikia miguu, hakujisogeza. Aliporudi kasema anataka kuwa peke yake siku chache, mlango ufungwe, na nisimwambie mtu. Nikaapa kwa Bikira.

Alhamisi, 23 Januari
Bado kajifungia. Nimeingia na uji wa mahindi. Nimeingia kuchukua bakuli. Nimeingia kuuliza kama uji ulikuwa mtamu. Hajaugusa, kageukia ukutani. Moyo unaniuma hata unga siwezi kukanda.

Lakini mama gani hukaa akatazama tu? Upweke humwozesha mtu. Nimemweleza Eufrosina, naye kalia machozi ya kweli, sikutegemea. Nimewaeleza wa kinuni, padri, na kwaya nzima. Eufrosina ataleta viti. Nimechinja bata mzinga mkubwa, mchuzi wa pilipili na kakao nauanza kesho. Marisela hajui kitu, atafurahi akiwaona. Waje wote, na watoto wao, Jumapili baada ya misa.