Profesa Tamhane Abisha Hodi

Bhanudas Khedkar alipovua viatu mlangoni, Makarand Deodhar hakumtazama usoni. Alitazama viatu. Vilikuwa vya ngozi, vipya, vya bei mbaya, na mwenyewe alivipanga mbali na vya wazazi wengine kana kwamba ufukara unaambukiza. Makarand akatabasamu. Huyu hatasumbua kulipa.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya mkahawa wa misal, ule mchuzi mkali wa kunde, karibu na stendi ya Swargate, na kila aliyepanda kwake alishuka ananukia pilipili. Bango la mlangoni lilitangaza udahili wa vyuo vya biashara na ushauri wa kazi za umeneja. Wahitimu wa Pune walikuja kwa makundi, wameshika shahada zao kama watu walioshika tiketi wasiojua gari linaondokea wapi. Ushauri wenyewe ulikuwa mfupi.

"Mwanao mpole?" aliuliza. "Rasilimali watu. Mbahili? Fedha. Mwongo? Masoko."

"Na kama hajui lolote, Mwalimu?"

"Huyo awe mshauri wa makampuni. Ndio wanaolipwa kuliko wote."

Wazazi walicheka, lakini Khedkar hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara wa manjano kutoka Sangli, na alizoea kuulizia bei kabla ya kuulizia mali. Binti yake Ketaki alikuwa ameshafanya mtihani wa kuingilia, na sasa ameitwa kwenye usaili katika kile chuo cha kilimani, ambacho nafasi zake hugombewa kama maji ya bomba mwezi wa Mei, kiangazi kikikolea.

"Binti ana akili?" Makarand akauliza.

"Anazo. Lakini akili peke yake, Mwalimu, siku hizi..." Khedkar akasugua kidole gumba na cha shahada.

Makarand akafunga mlango, akashusha sauti. "Mzee Khedkar, sisi ni watu wazima, hatufichani. Yupo mtu kwenye kamati. Profesa Tamhane. Hapokei simu, haonani na mzazi, hanywi hata chai ya mtu. Ila mimi ananisikiliza."

"Na ikishindikana?"

"Binti asipoingia, chukua fedha yako yote, wala sitakudai hata asante. Mimi si mwizi."

Sasa, msomaji mwenye haraka ya kuhukumu angoje kidogo. Makarand hakuwa akidanganya kuhusu kurudisha. Alipokea kwa kila mzazi, kisha akakaa kitako, akanywa chai, asifanye kitu chochote duniani. Waliofaulu kwa jasho lao, alibaki na fedha za baba zao. Waliofeli aliwarudishia hadi rupia ya mwisho, huku akitoa machozi, nao wakaenda kumsifu mjini kuwa hajapata kutokea mtu mwaminifu kama Deodhar. Profesa Tamhane alikuwa amemtunga siku moja akisubiri kinyozi.

Ketaki aliingia chuoni. Alikuwa amesoma miaka miwili mizima, amekosa sikukuu zote, amejibu maswali ya usaili mpaka wasaili wenyewe wakaanza kubishana wao kwa wao. Baba yake akafanya karamu. Watu walipompongeza binti, Khedkar akainua mkono katikati ya ukumbi.

"Msimpongeze huyu! Mpongezeni Profesa Tamhane! Bila yule mzee, binti yangu angekuwa anapakia manjano ghalani sasa hivi."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi mmoja akamnong'oneza Ketaki, "Kumbe ulinunuliwa, mwanangu? Si vibaya. Sisi kwa wetu hatukuwa na uwezo." Ketaki akaacha sahani ya chakula mezani, akaenda kujifungia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike.

Alipofika chuoni alimtafuta huyo Tamhane ili amwambie usoni kuwa hakumwomba. Akauliza walimu, akauliza masijala, akauliza wapishi. Hakuna aliyewahi kusikia jina hilo. Hapo akaelewa kila kitu, na hasira yake ikabadilika ikawa ya baridi, ile inayojua kungoja.

Jirani wa chumba alichopanga alikuwa mzee Sadanand Bivalkar, karani wa benki mstaafu, ambaye maisha yake yote aliigiza jukwaani jioni baada ya kazi. Alikuwa na sauti ya mfalme na bahati ya bawabu: kila igizo walimpa kusimama mlangoni na mkuki. Ketaki akamweleza mambo yote.

"Nataka fedha ya baba irudi, na huyo Deodhar ashikwe na woga. Siku moja tu, mzee."

"Nina maneno mangapi?" akauliza Bivalkar.

"Mengi kadiri unavyotaka."

Mzee akafuta macho.

Jumamosi, ofisi ya Makarand ikiwa imejaa wazazi hadi kwenye ngazi, likatokea mlangoni koti jeupe la pamba ya khadi, miwani mizito na fimbo ya mpingo. Fimbo ikagonga sakafu.

"Deodhar! Mbona unanikwepa?"

Makarand akainua kichwa. "Samahani, wewe ni..."

"Haya! Amenisahau!" Mzee akawageukia wazazi. "Kila mwaka namwingizia watoto chuoni, leo Tamhane hajulikani!"

Ofisi nzima ikasimama. Wanaume wakainama kumgusa miguu kwa heshima. Mama mmoja akamshika Makarand shati. "Mwalimu, ndiye? Ndiye mwenyewe?"

Makarand aliona njia mbili. Aseme huyu si Tamhane, aulizwe Tamhane yuko wapi. Au ameze.

"Ndiye," akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtu aliyekanyagwa.

Walipoingia chumba cha ndani, akamkaba koo kwa maneno. "Wewe babu ni nani?"

"Mimi ni Tamhane. Umeniita miaka yote hii, leo nimeitika."

"Tamhane hayupo!"

"Basi toka nje uwaambie." Mzee akakaa kwenye kiti cha Makarand, akanyoosha miguu. "Au fungua sefu, utoe za Khedkar wa Sangli, niende zangu."

Makarand akafungua, akahesabu, akatoa. Na mambo yangeishia hapo, kama angekuwa na akili ya kuyaacha yaishie hapo. Lakini kupitia upenyo wa mlango aliwaona wazazi walivyokodoa macho, wengine wanalia kwa furaha. Tamaa ikamkuna.

"Babu," akasema polepole. "Hilo koti una jingine?"

Tangu wiki ile, Profesa Tamhane akawa na meza yake. Kumwona kulilipiwa peke yake, na ada zikapanda maradufu. Mzee aliwakaripia wazazi, akawauliza watoto maswali ya kifalsafa, akakataa bahasha kwa ghadhabu kisha akazipokea kwa huzuni. Makarand alimtazama kwa mahaba, akampa na ufunguo wa sefu, maana profesa hasubirishwi.

Ketaki alimfuata ngazini. "Mzee, tulikubaliana siku moja!"

"Mwanangu, nimeshika mkuki miaka thelathini," Bivalkar akamjibu. "Jana baba mtu mzima alilia mbele yangu kwa sababu nilikohoa. Niache kidogo."

Wiki moja kabla ya matokeo kutoka, Bivalkar alihama chumba chake bila kuaga. Sefu ilibaki wazi, safi kama sahani iliyolambwa.

Matokeo yakatoka. Walioshindwa walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, maana mwaka huo Makarand alikuwa amepokea hata wavivu. Wakapanda ngazi kudai, wakiwa wapole kabisa, kwa kuwa Deodhar ni mwaminifu, mji mzima unajua. Akauza gari. Akauza kiwanja. Bango likashushwa na mwenye mkahawa wa misal, akaligeuza kuwa meza.

Ketaki alisafiri hadi Sangli na kuweka mbele ya baba yake ghalani zile fedha ambazo mzee alimkabidhi Jumamosi ile. Alimsimulia bila kuficha, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Khedkar alijifuta vidole, vikabaki vya njano.

"Kwa hiyo ni nani aliyekuingiza?"

"Mimi, baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akazitazama zile noti asiziguse. "Nitawaambia wale wa karamuni," akasema. "Mmoja mmoja. Nitaanza na shangazi yako."

Makarand, kwa upande wake, alikwenda polisi. Inspekta alimsikiliza huku anatafuna vitafunio vya bhakarwadi.

"Kwa hiyo Profesa Tamhane amekuibia."

"Si profesa, mheshimiwa. Hakuna Profesa Tamhane."

"Umejuaje?"

"Nilimtunga mimi."

"Lakini wazazi wamemwona?"

"Wamemwona."

"Wewe mwenyewe ulisema ndiye?"

"Nilisema."

Inspekta akapangusa mikono, akaenda kufunga mlango, akarudi na kuvuta kiti hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sikiliza, Deodhar," akanong'ona. "Binti yangu anamaliza shahada mwaka huu. Huyo profesa ukimpata, usimwambie mtu yeyote hapa kituoni. Njoo kwangu kwanza."