Nilivyobadilisha Gari la Maharusi

Jumatatu, 21 Aprili
Siku ya pili ya Pasaka. Nimekwenda Maramba na gari langu jekundu la spoti, kumwonyesha Mzee Laurenti usafiri wa binti yake Devota, anayeolewa Jumamosi. Tanga mjini hakuna bibi harusi asiyelijua gari hili. Maramba halikufika. Tumbo lilikaa juu ya tope, matairi yakazunguka bure. Likavutwa na ng'ombe wawili. Nikatoa shikamoo nikiwa na matope hadi magotini. Mzee akaitika, akasema kwa upole kwamba yeye anataka gari linalofika. Akamtaja Castory. Castory mwenye lile jeupe la kawaida, aliyejifunzia kazi hii ya kubeba maharusi kwangu! Nimeomba siku tatu nitafute gari jingine.

Jumanne, 22 Aprili
Mke wangu Bibiana anasema harusi hii niiache ipite. Hajui biashara. Nimesikia Abdulghani wa Kigombe, mnunuzi wa pweza, ana gari la porini lililoinuliwa. Analitangaza tangu mwaka jana, hajapata mtu. Watu hawana macho.

Jumatano, 23 Aprili
Nimeliona. Kuku wanapita chini yake bila kuinama. Abdulghani anasema alilipandisha kidogo avuke mito, akanogewa, akazidisha. Nikamwuliza kwa nini anaachana nalo. Akasema mkewe Mwamvua hajawahi kulipanda. Nikaona hayo ni ya ndani ya nyumba, hayanihusu. Tukabadilishana, gari kwa gari, kadi kwa kadi, naye akaniongezea pweza mmoja. Kabla sijamaliza chai alikuwa ameshaliondoa langu uani.

Alhamisi, 24 Aprili
Maramba tena. Tope lote nimelipita kwa gia moja. Mzee Laurenti amelizunguka mara tatu, amekubali. Castory atabeba mashangazi tu. Nimempigia simu mwenyewe kumwarifu. Amenipongeza. Simwamini.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimelipamba maua na riboni. Nimetumia ngazi.

Jumamosi, 26 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Devota katoka nyumbani na gauni linalobana hadi magotini. Akautazama mlango wa gari. Sakafu iko usawa wa kifua chake. Tukaleta kreti ya soda. Tukaongeza ya pili. Akapanda hatua moja, mshono wa nyuma ukalia, akashuka. Nikapendekeza tumnyanyue watu wanne. Mzee akakataa. Padri alikuwa anangoja.

Devota akasema, "Mimi nakwenda na kaka Castory."

Akaingia kwenye gari jeupe, akakaa vizuri, wakaondoka. Mashangazi wakapanda langu kwa zile kreti, bila shida yoyote. Moyo uliniuma.

Mita mia mbili mbele, Castory akanasa. Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikamwona Devota dirishani anafuta machozi, kicheko kikaniisha. Nikatoa kamba. Nimewavuta polepole hadi mlango wa kanisa, kilomita nne, mashangazi wakipiga vigelegele nyuma yangu. Bwana harusi alikuwa ameshaanza kutokwa jasho. Mzee Laurenti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Castory akasema asante, kaka. Nimelala mapema, nimefurahi.

Jumapili, 27 Aprili
Picha zimesambaa kwenye simu. Gari jeupe, tope limeoshwa na mvua, linang'aa mbele ya kanisa, Devota anashuka. Langu limekatwa, inaonekana kamba tu. Castory amepata harusi tatu. Mimi nimepigiwa na mtu mmoja, lori lake la mkonge limezama. Bibiana anasema kuvuta magari ni kazi nzuri, masika hii watu watanitafuta kila siku. Nimemjibu kwamba mimi ni mtu wa maharusi. Akaenda kupika.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimewaza sana. Kubadilisha gari hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa mlango. Kuna bwana Zubeiri huko Pangani, ana gari la chini, jembamba, halina paa kabisa. Bibi harusi anaingia kirahisi na anaonekana na kila mtu njia nzima. Nilimwuliza kwenye simu paa lilikwenda wapi. Akacheka, akasema nisijali. Yuko tayari tubadilishane leo leo.

Bibiana kaniuliza kama nina akili timamu. Nimeshavaa viatu. Nangoja mvua ikatike kidogo tu, niende kulichukua.