Imetoka Juu, Inashuka

Leo nimekimbiza avenue yetu nzima hapa mtaani Mabanga, na mimi mwenyewe nikiwemo. Hakuna risasi iliyolia. Kulikuwa na mafuta ya injini tu.

Ngojeni nieleze polepole.

Gari langu mnalijua. (Mnaolicheka pia mnajijua.) Ni kuukuu, na siku hizi linavuja mafuta. Kwingine ungeona doa chini ukajua. Kwetu ardhi ni mawe meusi ya volkano. Mafuta meusi juu ya mawe meusi, utaona nini? Nilijua siku taa nyekundu ilipowaka. Fundi akainama, akatikisa kichwa, akasema ni spi ya nyuma, ile pete ya mpira iliyo kati ya injini na giaboksi, na kwamba lazima afungue gari lote. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea.

Gari hili ninalihitaji kwa ajili ya mama yangu. Magoti yake hayafai tena. Vita vilipoingia mara ile, tulimpeleka mpakani mwa Rwanda juu ya chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaobeba viazi. Juu ya mawe hayo hayo. Hadi leo akikumbuka anajishika kiuno. Aliniambia: "Mutoto wangu, chukudu sitapanda tena. Vita ikirudi, unitoshe na gari ao uniache nikufe hapa."

Na siku hizi vita viko karibu. Hakuna anayevitaja kwa jina. Unakutana na mtu asubuhi, hata hajakusalimu: "Imefika wapi?" Unamjibu: "Bado iko juu." Juu ni kaskazini, kule vilimani. Ukisikia inashuka, unafunga godoro. (Kwa Kiswahili chetu vita inashuka, mafuta inashuka, mvua inashuka. Hatubagui.)

Basi leo baada ya chakula nikaamua kutafuta mwenyewe mahali panapovuja. Nikaisafisha injini kwa esanse, yaani petroli, mpaka ikang'aa. Ilipokauka, nikainyunyizia poda ya mama, ile anayojipaka baada ya kuoga. (Sikumwomba.) Mafuta yakipita juu ya poda, yanachora njia yake. Nikawasha injini, nikalala chini ya gari juu ya karatoni. Mke wangu, Mama Neema, akabaki juu akimulika kwa simu. Injini ile ina kelele, kwa hiyo tulikuwa tunaongea kwa kupaza sauti.

Mara nikaona mstari mweusi ukiteremka kwenye poda. Kumbe si spi! Mafuta yalikuwa yanatoka kwenye jointi, ile gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, yanateleza kwa nyuma, ndiyo maana fundi aliyakuta chini. Jointi hiyo hata mimi naweza kuibadilisha. Nilifurahi mpaka nikagonga kichwa.

"Imefika wapi?" mke wangu akauliza.

"Imefika huku chini! Imetoka juu, inashuka!"

"Iko mingi?"

"Mingi sana! Nimeiona na macho yangu! Zima!"

Uzio wetu ni wa mbao. Upande wa pili anakaa Mama Kavira, muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Injini ilipozimika nikasikia sufuria zikianguka kwake. Kisha mlango. Kisha milango mingi, na mtu akiita watoto wake mmoja mmoja kwa majina.

Nikachomoka chini ya gari. Nje magodoro yalikuwa yanapita juu ya vichwa, na mwanamke mmoja alikuwa amebeba mbabula, lile jiko la makaa, likiwa na moto. Nilishtuka mpaka masikio yakaziba. Je, niliuliza kitu? Sikuuliza. Nilisema tu "Vita!" Mke wangu akabeba sufuria ya maharagwe, mimi nikambeba mama mgongoni, tukakimbia. Njia nzima mama alikuwa ananisemesha sikioni, sikumsikiliza. Baadaye ndipo nilipoelewa. Alikuwa anasema: "Gari. Gari. Gari."

Gari nililolihangaikia kwa ajili ya saa hiyo hiyo, nimeliacha uani.

Kwenye kona ya parokia watu walikuwa wamemzunguka Mama Kavira. Nikajipenyeza nikihema.

"Mama Kavira, nani ameiona?"

Akanitazama bila kunitambua. (Uso mafuta, nywele poda.) "Ni jirani yangu, Papa Neema. Nimemusikia na masikio yangu. Imetoka juu, inashuka, iko mingi sana, ameiona na macho yake."

Nilitamani kunyamaza na kuendelea kukimbia hadi Rwanda.

"Mama Kavira," nikasema, "Papa Neema njo miye. Ilikuwa mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya gari."

Mtu mmoja akatua godoro lake chini taratibu. Wengine wakaanza kunikagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha mama, huko mgongoni, akasema, "Nishushe."

Nikamshusha. Akakitazama kitenge chake cha misa, kimelowa mafuta. Akanusa nywele zangu. Poda yake akaitambua.

"Afazali chukudu," akasema.

Jamani, spi ni nzima. Anayetaka kucheka acheke kimya kimya, maana Mama Kavira ndiyo kwanza anatandika godoro lake, na akisikia kelele kwetu atauliza imefika wapi.