Hamira na Bastola ya Shelbi

Jumapili, 6 Aprili

Siku imeanza vibaya. Kuku alikauka, mahubiri yalirefuka, halafu mezani Shelbi akatuambia kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo amepangiwa zamu ya usiku. Mtoto wangu wa pekee, askari wa kaunti, peke yake ndani ya gari, giza lote la Oklahoma limemzunguka. Nikaacha kutafuna. Ila kwanza lazima afaulu jaribio la kulenga shabaha kwenye mwanga hafifu, Jumamosi. Mara ya kwanza alifeli. Vilengeo vya bastola yake, vile vidude vya juu, kimoja mbele na kimoja nyuma, gizani havionekani. Viko vya kubadilishia vinavyong'aa. Akifeli tena anarudishwa kulinda mlango wa mahakama.

Nafsi moja ikaniambia mlango wa mahakama una kivuli na kiti. Nikaikemea. Mtoto ameililia doria miaka miwili.

Kisha Glenda, mama mkwe wake, akaninong'oneza jikoni kwamba hivyo vilengeo atamnunulia yeye, iwe siri. Akanikonyeza. Ndiye huyuhuyu aliyemnunulia mashine ya kuoshea vyombo. Tumboni nimembeba mimi, Glenda. Vitanunuliwa na mimi.

Tatizo: sijui bastola yake ni ya aina gani. Ni nyeusi. Doyle, mume wangu, anasema zote nyeusi.

Mungu hamtupi mja wake. Baada ya chakula Shelbi akaifungua bastola juu ya gazeti aisafishe, vipande vipande, risasi ameziacha kwenye gari. Simu ikalia, akatoka kwenda kuipokea barazani. Na mimi nilikuwa na donge la unga wa mikate ya jioni. Nikachukua kile kipande cha juu, nikakigandamiza kwenye unga. Alama safi, kama unyayo wa kuku kwenye tope. Nikapangusa, nikarudisha. Shelbi aliporudi akauliza mbona bastola inanukia siagi. Nikamwambia siku hizi mafuta ya bunduki wanayatengeneza vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepeleka donge kwa Orval, fundi wa bunduki. Limekaa kwenye sahani, kiti cha mbele cha pikapu, jua likiliwakia njia nzima. Sikukumbuka hamira. Nilipofunua kitambaa, donge lilikuwa limeumuka kama shavu la mwenye jino bovu. Orval akavaa miwani, akapima kwa heshima zote. Kisha akasema, "Mama Shelbi, kwa kipimo hiki binti yako anabeba mzinga." Wateja wawili walicheka mpaka mmoja akatafuta pa kukaa. Sura zao ninazo.

Ila Orval si mtu mbaya. Amenifundisha. Viko vilengeo vya nyuzi za plastiki, mchana vinawaka kama taa, gizani vinalala. Viko vya kupakwa rangi, hivyo lazima uvilishe mwanga wa tochi kwanza, na baadaye vinafifia. Na viko vyenye kichupa kidogo cha gesi ndani, vinang'aa vyenyewe miaka kumi bila kuomba chochote. Nikasema basi hivyo, maana hivyo ni kama mama. Nikauliza rangi gani ina ujasiri zaidi. Akasema rangi haina ujasiri, kuna jicho tu. Muhimu cha mbele kizidi cha nyuma kwa mng'ao, jicho likikimbilie hicho.

Lakini hauzi mpaka ajue aina ya bastola, kila moja ina mfereji wake wa kuchomekea kilengeo. Akanishauri nimuulize Shelbi. Wanaume hawajui kupanga mambo.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Shelbi nikijua yuko kazini. Nimemkuta mkwe wangu Trent. Sikumkabili moja kwa moja, mimi si mtoto. Nikampa sahani ya nyama na viazi, nikamwuliza mwanangu, lile sanduku la bastola huwa linakaa wapi, nataka kuona maandishi yake tu. Akatabasamu mpaka masikioni. Akalitoa chini ya kitanda. Nikanakili kila herufi kiganjani. Akasema hataniuliza kitu, akanikumbatia. Kijana mwema. Sijui kwa mama yule ametokaje.

Kwa Orval nikakwama tena: vyenye duara la chungwa mbele, au vya kijani kitupu? Nimesimama pale mpaka akafagia duka lote na kunizunguka na ufagio. Mwishowe ameniruhusu nichukue vyote nyumbani, nirudishe nisivyovitaka, ilimradi nisivifunge popote. Nimeapa.

Jumatano, 9 Aprili

Vitu vya giza vinajaribiwa gizani, na saa nane mchana giza liko kwenye handaki la kujifichia kimbunga tu, lile la uani lenye mlango uliolala ardhini. Nikashuka, nikafunga mlango. Vikawaka vizuri sana. Nimenyoosha mkono, nalenga mitungi ya pichi, mara mlango ukafunguka. Glenda. Akauliza nafanya nini huku chini. Nikasema nahesabu mitungi. Akauliza, gizani? Nikasema naihesabu kwa kupapasa.

Akashuka, akafunga mlango, akaingiza mkono kifuani akatoa kipakiti. Vitone vya kijani. Kumbe naye alikuwa anahangaika kutafuta giza. Asubuhi alijaribia kwenye kabati la majoho ya kwaya, mchungaji akafungua.

Tukiwa bado tunatazamana kwa vitone, Doyle akaegesha mashine yake ya kukatia majani juu ya mlango wa handaki, akaenda mjini kununua kisu kipya. Tumegonga, tumeita, tumeimba. Simu yangu iko mezani jikoni, ya Glenda iko kwenye gari. Tumekaa humo saa mbili nzima.

Njaa ikatushika. Nikafungua mtungi wa pichi kwa mwanga wa vilengeo. Zilikuwa bamia za siki. Glenda akasema, "Mkwe mwenzangu, hata pichi zako zina kinyongo." Nikamwambia ale anyamaze. Akala. Baadaye akasema, taratibu, kwamba tangu Shelbi avae sare na yeye halali. Trent akipita nyumbani kwa mama yake hupiga honi na kupunga mkono. Shelbi ndiye hushuka.

Nikamwuliza, chungwa au kijani? Akasema, "Ile itakayomrudisha nyumbani."

Tumekubaliana tumpelekee Shelbi vyote kesho, saa kumi na moja jioni, pamoja, kama watu wazima. Doyle alipotufungua nilikuwa nimeshaamua kufika kumi na nusu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefika saa kumi na nusu. Glenda alikuwa ameshakaa barazani, anakunywa chai ya barafu, glasi ya pili.

Shelbi akafungua vipakiti vyote vitatu. Vyangu vilikuwa viwili, sikuweza kurudisha hata kimoja. Akavigeuza. Akasema, "Mama. Na wewe Mama Glenda. Hivi ni vya bastola ya Trent. Ni kubwa kuliko yangu." Trent akajibu kutoka kwenye kochi kwamba ndivyo alivyodhani, maana tarehe ishirini ni siku yake ya kuzaliwa, na Glenda naye alikuja kuuliza sanduku. Akatushukuru. Akauliza kama vipakiti viwili vinavyobaki ni vya akiba.

Shelbi ameshabadilishiwa tangu Jumanne. Idara yao hairuhusu mtu kugusa bastola ya kazi isipokuwa fundi wao, na fundi ana orodha yake, askari anachagua humo. Tena huyo fundi amekuta unga umekauka kwenye mfereji wa kilengeo. Alimwuliza Shelbi mbele ya wenzake kama huwa anatumia bastola kuokea mikate. Sasa kazini wanamwita Andazi. Akanitazama. Nikatazama mazulia.

Nikataka angalau kujua amechagua rangi gani. Chungwa mbele, nyuma nyeusi tupu. Nikauliza kwa nini. Akasema kila msimu wa kuwinda kulungu nilikuwa namvalisha kofia ya chungwa hata kungojea basi la shule, na mwenyewe navaa yangu, wawindaji wasikosee. Watoto walimcheka miaka yote. "Lakini nikiona chungwa kwa mbali, Mama, nilijua ni wewe unakuja. Jicho limezoea."

Glenda akawa wa kwanza kulia. Hata hilo ameniwahi.

Jumamosi, 12 Aprili

Simu imelia saa sita kamili, na king'ora cha kimbunga hujaribiwa kila Jumamosi saa sita kamili. Sikusikia neno. Shelbi amerudia mara tatu. Amefaulu. Arobaini na nane kati ya hamsini. Nikamwambia arudie mara ya nne, ingawa king'ora kilikuwa kimeshanyamaza.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo jioni anaanza. Nimempa kikapu cha chakula na sijasema kitu. Funzo nimelipata: mtoto mkubwa huchagua vitu vyake mwenyewe, na kazi ya mama ni kunyamaza. Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Ila jana alipovaa ile fulana ya kuzuia risasi niliona mwanya ubavuni. Vidole viwili, niliupima nikijifanya namkumbatia. Orval anamjua mtu anayeshona vipande vya ubavu, anachotaka ni kipimo tu. Kesho Shelbi atalala mchana kutwa, fulana itakuwa juu ya kiti. Glenda anakuja saa tatu na ratili kumi za unga.

Safari hii bila hamira. Labda kijiko kimoja. Bila hamira kabisa unga unapasuka.