Milinganyo ya Unga wa Ngano

Jumatatu, 6 Machi
Domla Sobirov, yaani Mwalimu Sobirov, mkuu wa idara yetu ya hisabati, katangaza leo. Nafasi ya mkutano wa Almaty ni moja tu! Atakwenda yule ambaye mchoro wake utapendeza zaidi Ijumaa. Mimi nina hesabu za jinsi tanuri la mikate linavyopoa. Samarkand nzima hakuna anayenifikia. Tatizo ni lebo. Domla anataka milinganyo yenye chapa nzuri, kama ya vitabuni, iwe ndani ya mchoro wenyewe. Nikaandika kwenye programu ya hesabu. Nilitarajia herufi ya Kigiriki, theta. Nimepata neno zima “theta”, limeegemea kistari cha mshazari, na mabano yamezagaa kama meno yaliyong'oka. Muattar, mshindani wangu, kachungulia akacheka. Kasema ni jambo dogo tu: niiambie programu kwamba hayo ni maandishi ya chapa. Nikamjibu najua.
Sijui.

Jumanne, 7 Machi
Nimebonyeza kila kitu. Lebo zote zimetoweka. Programu imenitukana kwa wino mwekundu, ukurasa mzima. Muattar kasema tena atanionyesha. Mtego! Nani amsaidie mshindani wake bure?

Jumatano, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Nimepata mpango safi: nimpelekee Muattar maua ya tulipu nyumbani kwao, halafu nichungulie kompyuta yake. Mama yake kanikaribisha kwa samsa, sambusa zetu za tanuri, za moto. Kanijazia chai. Kaniuliza mshahara wangu. Kaniuliza wazazi wangu watakuja lini kuzungumza. Kuzungumza nini? Loo! Nimetoka mbio, kiatu kimoja mkononi. Kompyuta sikuiona hata kwa mbali.

Alhamisi, 9 Machi
Nina akili mimi! Nimechapisha mchoro kwenye karatasi kubwa. Nimechapisha milinganyo peke yake kwa programu ya kuandikia barua, nikaikata kwa mkasi, nikaibandika. Gundi hakuna dukani, nimekoroga uji wa unga wa ngano. Mchoro umependeza ajabu. Mama kasema theta moja imelala ubavu. Nikamwambia hizo ni hesabu za juu.

Ijumaa, 10 Machi
Msiba. Nilitundika mchoro wangu juu ya kipasha joto cha ukumbi. Uji ukakauka. Lebo zikaanza kujikunja moja moja, kama majani ya kiangazi. Neno “joto” likaning'inia kwa kona. Kisha alama ya kutoa, ile inayoshusha joto kwenye mlinganyo mkuu, ikapeperuka na kutua ndani ya bakuli la chai la Domla. Kainywa! Akautazama mlinganyo uliobaki, akavua miwani. “Zokirjon, mwanangu,” akasema, “kwa hesabu hii ukilizima tanuri lako, Samarkand inaungua kabla ya chakula cha mchana.”
Ukumbi mzima ulicheka. Hata mfagiaji. Nilitamani ardhi ipasuke.
Almaty anakwenda Muattar. Lebo zake zilikuwa nzuri mpaka zikanikera. Jioni kanikuta nabandua uji ukutani. “Kaka Zokir, hebu kaa hapa, acha ukaidi,” akasema. Akafungua kompyuta yangu, akaandika neno moja na alama mbili. Theta ikatokea, nono, imesimama wima kama bibi harusi. Nilitaka kulia. Nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 13 Machi
Neema! Kuna mkutano mwingine, Tashkent, mwezi wa tano. Domla kanihurumia, nafasi ni yangu iwapo nitamletea mchoro unaotembea, unaoonyesha tanuri likipoa. Muattar kasema programu inafanya hivyo yenyewe, nimpe dakika chache tu za mapumziko ya chai. Nikamshukuru kwa adabu. Siwezi kuwa mtu wa kusaidiwa kila siku! Nimenunua rundo la kadi na penseli. Nitachora tanuri kwenye kila kadi, nizipitishe haraka kwa kidole gumba, na binamu yangu apige picha. La kwanza limekamilika. Limefanana na ng'ombe, lakini zikienda mbio nani ataona?