Goti la Kwenda Jerba

Jumatatu, 5 Agosti

Nyumba imepatikana! Kisiwani Jerba, karibu kabisa na bahari, na paa la kulalia joto likizidi. Tunaondoka Jumamosi. Mimi, Nejla na watoto wetu wawili. Basi. Hakuna mwingine.

Huyo mwingine ni Moncef, kaka yake Nejla. Mwaka jana nilimtajia safari mapema, mjinga mimi. Akalizunguka gari langu, akasema linang'aa kama jipya. Hakusema mashallah. Hatujafika Mahres, rejeta ikapasuka. Akatuokota yeye mwenyewe, na familia yake yote ndani, akaja nasi hadi mwisho wa safari. Akalala chumba chenye feni. Akapiga ngoma kila baada ya chakula. Nejla aliwapikia wote wiki nzima.

Leo Nejla kanionya. Anataka wiki moja tu bila sufuria kubwa. Nikiiharibu kwa ujanja wangu, mwaka ujao ataondoka na watoto, mimi nibaki Sfax na makufuli yangu dukani. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaonitisha.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango! Neno Jerba lisitamkwe tena. Kuta zina masikio, na masikio yana macho. Kuanzia leo Jerba ni "hospitali". Nyumba ni "wodi". Mwenye nyumba, Bwana Younes, ni "daktari". Na safari yenyewe ni "goti la baba". Hasidi hana sababu, wanasema, lakini nani atalionea kijicho goti bovu?

Nejla akauliza kwa nini tusinyamaze tu. Hajawahi kuuza kufuli, huyo. Haelewi mambo ya usalama.

Jioni Moncef kapita dukani. Nikamuuliza, kwa mbali tu, wiki ijayo ana mambo gani. Akasema ana jino. Jino gani la wiki nzima? Akasema ni gego, lina mizizi mirefu. Hakunitazama usoni. Huyu mtu ananichunguza.

Jumatano, 7 Agosti

Balaa! Mama mkwe alipiga simu, akapokea Rim, binti yangu, ambaye hufuata amri kuliko askari. Akamweleza bibi yake kwamba tunakwenda wodini wote kwa sababu ya goti la baba, na kwamba daktari kasema tusibebe nguo nyingi, kule hazihitajiki. Mama Zbeida akakata simu analia.

Adhuhuri alikuwa mlangoni. Kaja na unga wa bsisa wa kunirudishia nguvu, ndizi, na mkia wa samaki wa kupigilia juu ya mlango kukinga jicho baya. Akanikazia macho. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Tembea nikuone."

Nikachechemea. Ningefanyaje? Nejla akakimbilia jikoni. Nikasikia sauti huko, sikujua ni kicheko au kilio.

Alhamisi, 8 Agosti

Majirani wote wamekuja. Juisi, maziwa, ndizi tena. Wamekaa sebuleni wakisimuliana habari za watu waliokatwa miguu. Mmoja akaona miwani ya kuogelea nyuma ya kochi. Nikasema ni ya mazoezi, goti langu linatibiwa majini. Akatikisa kichwa kwa huruma. Au kwa dharau. Nitamchunguza.

Kisha Moncef, na Latifa mkewe. Moncef akapiga magoti mbele yangu, akanikunja suruali, akalikandakanda goti. Akasema wala halijavimba, goti zuri kabisa, kama la kijana. Mashallah? Wapi! Nikalifunika haraka.

Akasema jino lake litasubiri, atanisindikiza hospitali mwenyewe. "Shemeji, wewe ni ndugu yangu. Jino ni kitu gani?" Latifa machozi yakamlengalenga. Kuna jambo hapa. Jino la Moncef, Latifa linamuuma wapi?

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetangaza kwamba daktari bingwa yuko Gabès na kwamba tutatoka alfajiri, wasijisumbue kuamka. Moncef akajibu kuwa alfajiri inamfaa sana, barabara ni nyeupe. Nina shaka na mtu anayependa alfajiri.

Jumamosi, 10 Agosti

Tulipotoka, Mama Zbeida alikuwa tayari barazani na ndoo. Akamwaga maji nyuma ya gari ili turudi salama. Halafu akapanda gari la Moncef, lililokuwa limeegeshwa nyuma ya hayo maji, limejaa Latifa, watoto wao na mito ya kuegemea hospitalini.

Nikakanyaga mafuta. Nao wakakanyaga. Gabès nikaipita. Kibao cha hospitali nikakipita. Moncef akapiga honi, akawasha taa, akapiga simu. Nikamwambia Nejla aipokee, aseme daktari kahamia mbele kidogo. Nejla akasema goti si lake.

Nikafika Jorf, kwenye kivuko. Foleni ya Agosti! Mbele magari, nyuma Moncef. Akaja dirishani ananipa maji. Palepale simu yangu ikaita, ikaandika "Daktari". Rim akaiweka spika. Bwana Younes, kwa sauti yake ya sokoni, akauliza kama tumeshafika kivukoni. Akasema bahari imetulia, pweza kakauka kwenye kamba, na tusisahau mkaa wa kuchomea samaki.

Kutoka gari la nyuma, Mama Zbeida akauliza ni daktari gani huyo anayeanika pweza.

Moncef hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma. Alikaa chini kwenye kivuli cha gari langu, akacheka mpaka akashika shavu. "Shemeji, jino langu lilikuwa Kerkennah."

Walikuwa wamekodi nyumba kule visiwani, wiki hiihii, upande mwingine kabisa wa bahari. Waliiita jino ili mimi nisijue. Mimi! Latifa anaogopa jicho langu. Na nyumba hiyo wameiacha kwa sababu ya goti langu. Sasa wanalala watu wengine humo.

Niliona haya. Haya hasa, masikio yakawaka moto. Ningenyamaza tu, bahari nzima ingekuwa kati yetu. Nejla akashuka, akamkumbatia Latifa, akamwambia kaka yake kwamba nyumba ina paa, wapo watakaolala juu. Kisha akafungua buti, akatoa sufuria ya kuazima kwa mama yake, akaniwekea mapajani. Kubwa. Kumbe alishajua.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeanguka! Mwenye nyumba kamwaga maji ya pweza uani, nami nimebeba kuskusi ya ukoo mzima. Goti! La kushoto, lilelile! Limevimba kama boga. Nikapiga yowe.

Hakuna aliyenyanyuka. Mama Zbeida akauliza kutoka kivulini kama hili ni goti la Jerba au la Kerkennah. Latifa akanishauri nilitie majini, si ndiyo mazoezi yake? Moncef akachukua ngoma. Nejla hakusikia hata kidogo. Alikuwa anaelea baharini, chali, macho kafumba, anatabasamu peke yake. Wiki yake bila sufuria kaipata.

Bwana Younes ndiye aliyeniletea barafu. Akasema akili nyingi huondoa maarifa. Nimelala juu ya paa nikiyapima maneno hayo kwa makini, maana mzee ana busara, na hatimaye nimeelewa kila kitu.

Alhamisi. Moncef alilishika. Akalikanda. Akasema zuri, kama la kijana. Na hakusema mashallah!

Mwaka ujao goti halitatajwa. Mwaka ujao ni moyo. Moyo uko ndani, hakuna wa kuushika na kuusifu.