Sehemu ya 212

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe amefika kutoka Nkololo. Katolewa mtoto wa jicho hospitali, jicho la kushoto limefungwa, atakaa kwetu Somanda wiki nzima. Karibu sana. Lakini Esteria, mke wangu, kamweka kwenye kochi sebuleni, mbele ya televisheni! Sisi Wasukuma mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Salamu nimempa nikiwa nje ya ukuta: mwadila, mayu. Kaitikia akiangalia pembeni.

Na hii ndiyo wiki ya mwisho ya Kinu cha Leyla, tamthilia bora kuliko zote tangu televisheni zianze. Sehemu 207 sijakosa hata moja, pamoja na siku ya msiba wa shangazi (niliaga mapema). Ijumaa, sehemu ya 212, atajulikana aliyechoma kinu. Ni Mjomba Tarik. Nimeshamwambia kila mtu. Ya 208 imenipita nikiwa uani.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwomba Esteria tuhamishie televisheni chumbani. Kauliza kama nina roho, mama ana jicho moja na mimi namnyang'anya hicho kidogo cha kutazama.

Nimekwenda kwa jirani Masunga, fundi cherehani. Yeye ana tamthilia yake ya Kifilipino, watu wanalia tu humo, saa ileile ya Leyla. Kasema atabadilisha chaneli nikikiri mbele ya wateja wake kwamba ya kwake ndiyo bora. Nikiri! Nimeondoka. Kanipigia kelele mgongoni kwamba kama si Tarik aliyechoma, nitakiri kwa sauti pale saluni kwangu ninaponyolea, siku watu wamejaa. Nimemwambia sawa. 209 nimeisikiliza ukutani. Kuna mtu kalia, sijui nani.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata akili. Kioo cha Esteria nimekitundika ukumbini, kikaelekea sebuleni. Mimi jikoni, nje, kwenye kigoda. Naiona televisheni yote! Leyla anaandika barua kwa mkono wa kushoto, kioo kimemgeuza, lakini anaandika. Raha tupu. Nikasogea kidogo nione barua inasemaje. Kwenye kioo likatokea jicho moja, linaniangalia.

Mayo wee! Mama mkwe kajifunika kanga uso mzima. Mimi nimerudi kinyumenyume, nikakalia beseni la vyombo. Esteria kasema nimemuaibisha mpaka kwa mababu, kesho ninunue doti ya kanga ya kuomba radhi. 210 nimeona dakika nne.

Alhamisi, 12 Juni

Nimenunua doti. Halafu nikapendekeza, kwa upole, mama aende kesho kumsalimia dada yake Kornelia kule Lingeka, arudi Jumamosi. Esteria kaichukua doti, kaingia nayo ndani.

Jibu la mama mkwe limeletwa na Esteria uani: kanga kaipenda, Lingeka haendi, na anauliza kwa nini huyu Leyla anamchukia mjomba wake. Kumbe imemkolea! Kaanzia 208, masikini, hajui kitu. Nimesimama dirishani nikamweleza tangu sehemu ya kwanza, Esteria akipokea maneno na kuyapeleka, ingawa mama yake alikuwa anasikia kila kitu. Saa nzima. Sijafurahi hivi tangu nioe.

Baada ya 211, niliyoisikiliza palepale dirishani, kaleta ujumbe: si mjomba, ni bibi, yule wa kilemba cheusi, hatazami moto. Nimecheka sana. Sehemu nne, jicho moja, naye anabisha!

Ijumaa, 13 Juni

Esteria kapata njia. Kafunga shuka katikati ya sebule kama ukuta. Mama kulia, mimi kushoto, televisheni mwisho wa shuka, kila mtu anaona. Mama karidhia. Ningekaa kimya hapo.

Lakini nikiinama naona picha inaonekana vizuri zaidi upande wake. Mchana nilikuwa nimeshafunga kamba kwenye kimeza cha televisheni, kile cha magurudumu. Mguu wa nyuma, isionekane. Ikifika penyewe nivute kidogo tu, igeukie kwangu.

Ikafika. Esteria katoka kwenda kuepua ugali. Leyla kafungua mlango wa ghala, kiberiti kimeanguka, mtu anageuka. Nikavuta.

Televisheni ikageukia kwa mama mkwe. Yote. Mimi nabaki na nyaya na vumbi. Nikasikia Leyla analia: kumbe ni wewe! Halafu muziki. Halafu majina ya waigizaji, sidhani kama kuna aliyewahi kuusikia muziki wake kwa uchungu kama mimi.

Nyuma ya shuka mama mkwe kacheka mpaka kakohoa. Siwezi kumuuliza mwenyewe. Nimemtuma Esteria. Jibu: mkwe wangu si anajua kila kitu? Basi hana haja ya kuambiwa.

Jumamosi, 14 Juni

Masunga kaja asubuhi kuuliza. Yeye hakuona, alikuwa analia na Wafilipino wake. Nimemwambia bila kupepesa: Tarik. Kiberiti mkononi, nimekiona kwa macho yangu. Karudi kwenye cherehani yake. Ushindi!

Saa nne Esteria kaniambia marudio ni kesho alasiri. Mama alikuwa aondoke kesho asubuhi, kaahirisha, anataka kuona tena uso wa yule aliyechoma. Na kawaalika Masunga na mkewe, na wateja wa saluni yangu, waje waangalie wote.

Sina wasiwasi. Kosa la jana nimeshalijua. Kamba nimeihamishia mguu wa mbele.